Tumempoteza dereva, bosi anasema kazi iendelee

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, na ni msimamizi wa safari kwenye kampuni moja ya utalii hapa Arusha. Kazi yangu ni kupanga dereva yupi anachukua wageni gani, gari lipi, wanalala wapi, nani anakwenda kuwapokea uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA. Redio ya ofisi iko mezani kwangu, naiwasha kabla hata sijaweka mkoba chini.

Wiki sita zilizopita dereva wetu mmoja alifariki kazini. Alishusha wageni Karatu, akawa anarudi na gari tupu. Ilikuwa jioni, kati ya Mto wa Mbu na Makuyuni. Lori lililokuwa linapita gari jingine likamvaa uso kwa uso. Dereva wetu mwingine alikuwa anakuja nyuma, yeye ana wageni ndani. Ndiye aliyemkuta, ndiye aliyemtoa kwenye gari, na ndiye aliyeita ofisini. Aliita kwenye redio, kwa hiyo madereva wetu wote waliokuwa hewani saa ile walisikia sauti yake, na walisikia alichokuwa anasema.

Wageni wake aliwafikisha hotelini usiku uleule. Kesho yake akapumzika. Kesho kutwa mzee, ndivyo tunavyomwita mwenye kampuni, akasema apewe safari ya Tarangire kwa sababu msimu umepamba moto na wageni walishalipa.

Mazishi yalikuwa Kibosho. Ofisi ilitoa jeneza, usafiri na rambirambi ya kueleweka, hilo siwezi kusema uongo. Lakini kutoka kazini tuliohudhuria mazishi ni watu watatu tu, wengine wote walikuwa porini na wageni. Jumatatu yake akaja padre akatuombea pale ofisini kama nusu saa. Mzee akasema sasa tumeshalia, turudi kazini.

Gari liliburutwa mpaka yadi kwetu. Limeegeshwa ukutani karibu na gereji, limefunikwa turubai, linasubiri watu wa bima, halafu mzee anataka fundi alitoe spea. Turubai lenyewe ni fupi. Tairi la mbele linaonekana, limepinda kuingia ndani. Kila dereva anayekuja kuchukua gari lake alfajiri lazima apite hapo.

Sasa watu wangu, Anti. Yule aliyemtoa mwenzake halali. Mkewe amenipigia simu analia. Wageni wake wa juzi wamelalamika kwamba anasimama pembeni ya barabara bila sababu, anashuka, anazunguka gari, anarudi anaendelea. Mwingine ndiye hasa aliyekuwa amepangiwa safari ile ya Karatu. Walibadilishana wenyewe kwa sababu binti yake alikuwa anapata kipaimara wikiendi hiyo. Huyu alinyamaza wiki nyingi, hali chakula na wenzake, hasemi. Ila siku hizi ametulia, kazi anafanya vizuri kuliko zamani, mpole, haombi kitu. Juzi darubini yake nzuri aliyopewa na mgeni, pamoja na kitabu chake cha ndege, amempa kijana anayejifunza kazi, akamwambia avitunze. Nilifurahi nikaona moyo wake umeanza kupoa. Wa tatu ameanza kunywa, alfajiri anakuja nasikia harufu. Na vijana wa gereji wanasema yadi ina mkosi.

Nimemwambia mzee watu hawako sawa. Akasema, "Hawa ni wanaume. Msongo wa mawazo ni mambo ya wazungu. Asiyeweza kuendesha akae nyumbani, nitapata mwingine." Baadaye akalegea kidogo, akasema basi tumlete mtaalamu siku moja, tukae wote ukumbini, kila mtu aeleze alichoona na anavyojisikia, tumalize kwa mara moja.

Je, tufanye hivyo? Mimi si daktari, naogopa kuharibu zaidi. Na mimi mwenyewe redio ikikwaruza tu moyo unaruka.

Msimamizi wa safari, Arusha

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Umeuliza mengi na nitayafikia, lakini kuna moja hukuliuliza na ndilo la kwanza. Ni hiyo darubini.

Dereva wa utalii hagawi darubini yake. Ndiyo macho yake, ndiyo inayomletea tipu, na kitabu cha ndege kilichochakaa kwa kufunuliwa ni miaka yake ya kazi. Mtu aliyelemewa na hatia, akanyamaza wiki nyingi, kisha ghafla akawa mtulivu na kuanza kugawa anavyovipenda akisema "vitunze", anaweza kuwa anaaga. Sisemi ndivyo ilivyo. Huenda ni ukarimu tu, au ameamua kuacha kazi ya barabara. Lakini hili si la kukisia ukiwa mezani. Leo hii mfuate. Usimpigie simu, na usimwite ofisini mbele ya watu. Nenda alipo, kaeni pembeni, mwambie umeona amegawa darubini na umekuja kwa sababu unamjali. Kisha muulize waziwazi: "Tangu msiba huu, umewahi kutamani kufa, au kufikiria kujiua?"

Najua neno hilo ni zito mdomoni. Wengi wetu tunaamini ukilitaja unampa mtu wazo. Sivyo. Waliofanya kazi na watu wa namna hii wanajua kwamba kumuuliza mtu moja kwa moja hakumsukumi kujidhuru. Mara nyingi kunamfungulia mlango wa kusema alichokuwa anakibeba peke yake. Akisema hapana, na ukaona hapana yake ni ya kweli, hujapoteza kitu, na ameshajua kuna mtu anamwona. Akisema ndiyo, au akainama asijibu, usimwache peke yake hata dakika moja. Mpigie mke wake au ndugu anayemwamini, mwende pamoja Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru, idara ya dharura, saa yoyote. Funguo za gari zibaki kwako. Mwombe ndugu huyo aondoe nyumbani dawa za shamba za kunyunyizia mboga na kahawa, azipeleke mbali kabisa. Hilo la dawa usiliache. Mtu akizidiwa, dakika za hatari huwa chache, na kilicho karibu na mkono ndicho kinachoamua.

Asiendeshe wageni mpaka aonwe na daktari, na siku hizo alipwe. Nitaeleza baadaye kwa nini nasisitiza malipo.

Kuhusu hatia yake, usikimbilie kumwambia "usijilaumu" au "ni mapenzi ya Mungu". Maneno hayo ameshayasikia msibani na hayakuingia. Mwache kwanza aseme mwenyewe, "Ile ilikuwa safari yangu." Halafu mrudishie mambo yalivyokuwa, taratibu: lori liliacha upande wake. Kubadilishana safari ni jambo ambalo madereva wote Arusha wanafanya kila mwezi, kwa kipaimara, kwa mtoto kuumwa, kwa ada ya shule. Alikwenda kusimama na binti yake kanisani kama baba anavyotakiwa. Huenda asikubali siku hiyo. Yaseme hata hivyo, na uyaseme tena wiki ijayo.

Sasa swali lako la ukumbi. Hapana, msifanye hivyo. Kuwakusanya watu waliopatwa na tukio baya na kumtaka kila mmoja asimulie alichoona na alivyojisikia, kwa kikao kimoja, ni njia iliyojaribiwa sana duniani. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kuhusu watu waliopatwa na matukio ya kutisha, lilishauri isitumike kama kinga, kwa sababu haizuii maradhi yanayofuata na wengine inaweza kuwaumiza. Fikiria mwenyewe ukumbi wenu. Yule aliyemtoa mwenzake aeleze alichokiona ndani ya lile gari, mbele ya vijana wa gereji na wapishi ambao hawakuwepo. Yeye atarudi nyumbani ameliishi upya, nao watarudi na picha ambazo hawakuwa nazo. Na yule baba wa binti wa kipaimara atakaa hapo akisubiri zamu yake ya kusema kwamba ilikuwa safari yake.

Kuna njia nyingine, na habari njema ni kwamba si lazima uwe daktari. Inaitwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2011 umeieleza kwa hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Kutazama umeshaanza, maana barua yako imejaa mambo uliyoyaona ambayo wenzako wote wameyapita. Kusikiliza ni kukaa na mtu mmoja mmoja, kumuuliza anahitaji nini, kumwacha aseme anachotaka na anyamaze anapotaka, bila kumchimba. Kuunganisha ni kumfikisha kwa msaada unaohitajika, awe daktari, padre, shehe, kaka yake, au mtu wa kumsaidia ada ya mtoto muhula huu. Mtaalamu aliyekuwa aje siku moja, mwombeni aje mara kwa mara, akae chumba cha pembeni, na anayetaka kumwona aende mwenyewe bila kuandikwa jina.

Kikao cha wote kinatakiwa, lakini cha kazi nyingine. Kiwe kifupi, na mzee mwenyewe ndiye aseme. Awaambie polisi wamefikia wapi, familia ya marehemu inasaidiwaje, gari lile litaondoka lini, ratiba inabadilika vipi. Mnapowanyima watu habari wanazitengeneza wao. Mkosi wa yadi umezaliwa hapo, na ukikaa kimya mwezi mwingine utasikia marehemu alitolewa kafara. Sicheki na wanaoamini hivyo. Wameogopa, na hakuna mkubwa aliyewaeleza lolote.

Mwanangu, naomba hapa unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo nilipo tofauti na wengi watakaokushauri. Watakwambia tafuta mshauri nasaha, na mshauri ni mtu mzuri. Lakini kwa wafanyakazi waliopatwa na msiba kazini, kitu kinachowaumiza baada ya tukio ni namna kazi yenyewe inavyowatendea. Ratiba, malipo, gari bovu lililobaki pale wanapopita. Hayo hakuna mshauri atakayeyagusa. Wewe unayagusa kila siku kwa kalamu yako.

Anza na gari. Liondoke yadi wiki hii. Kama bima hawajaja, wapigiwe picha zote wanazotaka, kisha lisogezwe sehemu nyingine, hata kwa kulipia maegesho. Na fundi wenu asiambiwe alitoe spea. Unataka achukue taa au kioo cha gari alilofia rafiki yake, akifunge kwenye gari la mwingine ambaye anajua kimetoka wapi? Mzee akisema spea ni hela, mwambie aliuze lilivyo.

Halafu ratiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, na saa 24 mfululizo kila wiki. Najua msimu ulivyo. Dereva anashusha wageni KIA usiku na alfajiri ana wengine wa kwenda Ngorongoro. Kwa miezi hii mkatae hilo kabisa. Mtu aliyepata mshtuko usingizi wake ndio unaoguswa kwanza, na ukimnyima hata ule mdogo uliobaki unamrudisha nyuma. Safari za kurudi na gari tupu jioni, mzipange asubuhi ya kesho yake, alale Karatu. Gharama ya chumba cha dereva Karatu mzee anaijua, si kitu cha kumfilisi.

Barabara yenyewe haikwepeki, karibu kila safari ya Ngorongoro na Serengeti kutoka hapa inapita pale. Wana-Arusha tunalijua hili. Mei 6, 2017, gari la wanafunzi lilipoanguka Rhotia, Karatu, tukapoteza watoto 32, walimu 2 na dereva, mji mzima ulilia Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Siku zile zikapita, lakini madereva wakaendelea kupita Rhotia kila wiki, na wapo ambao mpaka leo wanapunguza mwendo pale. Kwa hiyo usimlazimishe mtu kupita Makuyuni, wala usimfutie njia hiyo moja kwa moja, kwa sababu kinachokwepwa muda mrefu kinazidi kutisha. Waanze kupita mchana, wawili wawili, magari yafuatane. Anayeona bado, apewe Arusha National Park au mapokezi ya KIA kwanza.

Malipo sasa. Madereva wenu, kama wengi hapa, mshahara wao ni mdogo na maisha yao ni posho ya siku na tipu. Kwa hiyo mzee anaposema "asiyeweza akae nyumbani", amesema asiyeweza watoto wake wasile. Ndiyo maana hakuna anayekuja kukwambia hajalala. Wanameza, wanawasha gari, wanaondoka na roho za wageni sita mgongoni. Kumpumzisha dereva bila kumlipa ni adhabu, na wenzake wakiona amepumzishwa hivyo, wote watajifunza kuficha. Mtafute kiwango, hata kama si posho kamili, cha siku ambazo dereva ameondolewa barabarani kwa ajili ya msiba huu. Sheria haitawasaidia sana hapa: ile likizo ya siku 4 yenye malipo ni kwa kufiwa na mume, mke, mtoto, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa. Mfanyakazi mwenzako hayumo. Hili litatoka mfukoni mwa kampuni kwa hiari.

Lakini kwa yule aliyemtoa mwenzake kwenye gari sheria ipo, na ni ya ugonjwa. Wiki za kwanza baada ya jambo kama hili, kukosa usingizi, kushtuka, kuona picha, ni mwili unajitahidi, na wengi hupona wakiwa na watu wao bila dawa. Yeye ameshapita mwezi na hali haishuki, na sasa anasimama barabarani na wageni ndani. Anashuka kuzunguka gari kwa sababu akili yake bado iko jioni ile, inaangalia kama kuna mtu wa kutolewa. Huyu aende hospitali, kitengo cha afya ya akili. Mount Meru wapo. Kama kwao ni upande wa Moshi na angependa kutibiwa karibu na familia, kuna hospitali za Mawenzi na KCMC. Akipewa cheti cha daktari, sheria ileile inampa mfanyakazi hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mkewe ameshakupigia, kwa hiyo una mshirika. Zungumza naye kwanza, na mwambie asimnunulie dawa za usingizi duka la dawa. Zinazouzwa kiholela zinaleta uteja, hazitibu kilichomshika, na dereva akiamka nazo kichwani ni hatari nyingine.

Huyu mnywaji, maneno machache. Anayenuka pombe hapewi funguo, awe nani. Mwambie faragha, siku hiyohiyo, bila kumfokea, na umwambie pia kwamba nafasi yake ya kazi ipo akikubali kusaidiwa. Mkimfukuza sasa mtamzika naye.

Redio nayo iangalie. Madereva wote waliokuwa hewani walisikia kifo kile. Kubalianeni kuanzia leo: kukitokea ajali, redioni linasemwa neno moja tu mliloafikiana, kisha anayeita anahamia simu, na ofisi ndiyo inayowapa wengine habari. Hii ni dawa ya msiba ambao bado haujatokea, na Mungu apishe mbali, lakini kwa kazi yenu lazima iwepo.

Na hawajazika, mwanangu. Hili limenikaa rohoni tangu nilipoisoma barua yako. Watu waliokaa na marehemu porini miaka, waliokula naye sufuria moja kambini Seronera, kule Serengeti, siku anashushwa kaburini wao walikuwa wanawaonyesha wageni simba. Padre wa nusu saa ofisini hawezi kulipa deni hilo. Ulizeni familia Kibosho kama kuna misa inayokuja au siku ya kuweka msalaba. Fungeni safari siku moja, hata kama ni kwa kukataa kundi moja la wageni, mpande wote na wapishi na mafundi. Waende na mchele na sukari kama watu, wakae na mama yake, waseme walivyomjua. Nimeona vikao vingi vya ushauri, na sijaona kinachofanya kazi ambayo siku kama hiyo inafanya kwa wanaume wa huku kwetu. Watalia bila kuambiwa walie.

Nije kwa mzee. Usiende kwake na takwimu. Shirika la Afya Duniani linakadiria siku za kazi bilioni 12 zinapotea kila mwaka duniani kwa sababu ya sonona na wasiwasi, lakini atakujibu ni mambo ya wazungu. Nenda na malalamiko ya wageni uliyonayo mkononi. Mwambie: dereva halali, anasimama barabarani, ana wageni wetu, ikitokea ya pili tutasema nini? Hilo analielewa. Kisha umuulize kama taarifa ya ajali imeshapelekwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Huyu alifia kazini. Mfuko huo upo kwa ajili ya gharama za mazishi na pensheni ya wategemezi, na madai yana ukomo wa miezi 12. Rambirambi ya ofisi ni nzuri, ila watoto wake watasoma kwa hiyo pensheni. Na madereva wanaangalia. Wanavyoona mjane wa mwenzao anatendewa, ndivyo wanavyojua wao na watoto wao wana thamani gani hapo. Hakuna maneno ya faraja yanayoshinda kumwona mhasibu wa ofisi anapanda Kibosho na fomu za mjane.

Mimi sidhani mzee wako ni mtu mbaya. Mtu mbaya hatoi jeneza na usafiri. Nadhani naye ameshtuka, na kila anapoona dereva amesimama anaona msimu mzima unasimama. Mpe sentensi za kusema kwenye kile kikao, mwandikie kabisa kwenye karatasi: "Tumempoteza mwenzetu. Asiyelala aseme, hatapoteza kazi. Gari linaondoka Ijumaa." Akiweza kusema hayo matatu na kuyatimiza, nusu ya kazi yako imeisha. Akikataa yote, bado kalamu ya ratiba ni yako, na saa 12 za mapumziko huhitaji ruhusa yake kuzipanga.

Wewe pia umefiwa, ingawa umejiweka mwisho wa barua kwa mstari mmoja. Ulisikia wito ule ukiwa peke yako mezani, na tangu siku hiyo umekuwa mama wa kila mtu hapo. Mweleze mtu mmoja nyumbani jinsi ilivyokuwa, kwa mpangilio unaoutaka wewe. Moyo kuruka redio ikikwaruza kukiendelea wiki nyingine mbili, au usingizi ukikataa, nenda Hospitali ya Mount Meru siku moja na huyo dereva wako unayempeleka, nawe uandikishe kadi yako. Na kuanzia wiki hii mfundishe mtu wa pili kushika redio, akae nayo angalau siku moja nzima ambayo wewe huna zamu, na simu ya ofisi abaki nayo yeye.

Anti